Ana shahada ya sheria, lakini bado si wakili: Safari hii inavyokwenda Tanzania Bara

Oktoba 2022 matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania, ambayo wengi huiita Shule ya Sheria, yalisambaa mitandaoni na kuzua mjadala ambao mpaka leo huibuka kila matokeo mapya yanapobandikwa. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu masomo yote kwa mkupuo mmoja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, yaani walipata sapu kama wanavyosema wenyewe, na 265 walidisko, yaani waliondolewa kabisa masomoni. Wazazi walishika vichwa. Aliyekuwa Waziri wa Katiba na Sheria, Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe ili ichunguze kulikoni.

Swali lililosikika zaidi siku zile lilikuwa hili: mtu amesoma sheria chuo kikuu miaka mitatu au minne, ana shahada mkononi, inakuwaje anafeli kuwa mwanasheria?

Ndani ya swali hilo kuna kosa dogo. Simlaumu aliyeuliza, kwa sababu kosa linatokana na jinsi tulivyozoea kuyatumia maneno mawili kana kwamba ni neno moja. Hakuna hata mmoja kati ya wale 633 aliyefeli kuwa mwanasheria. Wote walikwishakuwa wanasheria siku walipovaa joho chuoni. Walichokuwa wakikitafuta ni kingine: uwakili.

Mwanasheria ni mtu aliyesomea sheria. Anaweza kuwa mhadhiri, afisa sheria wa benki, mtafiti, mwandishi au mfanyakazi wa shirika lisilo la kiserikali. Wakili ni mwanasheria ambaye jina lake limeingizwa kwenye Daftari la Mawakili linalotunzwa na Msajili wa Mahakama Kuu, akaapa, na akapewa ruhusa ya kusimama mahakamani kwa niaba ya mtu mwingine na kulipwa kwa kazi hiyo. Kila wakili ni mwanasheria, lakini wanasheria wengi si mawakili na wala hawahitaji kuwa mawakili.

Lugha yetu yenyewe inatusaidia hapa kuliko tunavyodhani. Wakili ni neno lenye asili ya Kiarabu, na ndugu zake tunao mdomoni kila siku: wakala, wakilisha, mwakilishi, tawakali. Yote yanabeba maana ya kukabidhi jambo kwa mtu au kumtegemea mwingine. Wanaohudhuria ndoa za Kiislamu wanalijua neno wakili kwa maana hiyo hiyo, yule aliyekabidhiwa jambo ili alitimize kwa niaba ya mwenyewe. Kwa hiyo mwanasheria ni mtu wa sheria, anaijua. Wakili ni mtu wa watu, amekabidhiwa binadamu mwenye shida. Ukilishika hilo, karibu kila kituo cha safari hii utakielewa, na hata ule mshtuko wa 2022 utapungua.

Kuna majina mengine ni vizuri tuyaweke sawa mapema. Wakili wa kujitegemea ndiye mwenye ofisi mtaani au aliyeajiriwa kwenye ofisi ya mawakili. Wakili wa Serikali ni mtumishi wa umma anayeisimamia Serikali kwenye mashauri. Msaidizi wa kisheria si wakili. Ni mtu aliyepata mafunzo mafupi na kusajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, anatoa elimu na ushauri wa awali kwa wasio na uwezo, lakini hasimami mahakamani kumtetea mtu. Na kishoka ni yule asiye na sifa anayejifanya anazo, mara nyingi akionekana nje ya geti la mahakama na bahasha ya kaki kwapani.

Kuanzia kidato mpaka joho

Mlango wa kawaida ni kidato cha sita. Kijana anahitaji ufaulu wa angalau alama mbili kuu (principal pass), kisha anaomba shahada ya kwanza ya sheria, ile inayoandikwa kwa kifupi LL.B. Vyuo vingine huisomesha kwa miaka mitatu, vingine minne, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa miongoni mwa vyenye minne. Mlango wa pili ni stashahada ya sheria, inayotolewa na vyuo kadhaa kikiwemo Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichopo Lushoto. Aliyemaliza stashahada kwa ufaulu mzuri anaweza kuomba shahada. Njia hii huchelewesha kidogo, lakini imewatoa watu wengi ambao kidato cha sita kiliwakwamisha, au ambao hawakukipitia kabisa.

Wazazi wengi wanaamini kwamba bila HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) au HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) ndoto ya sheria imekufa. Ni kweli kwamba lugha na historia humwandaa mtu vizuri. Lakini kila chuo kina orodha yake ya masomo yanayokubalika, na orodha hizo huchapishwa kila mwaka kwenye mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kabla ya kumwambia binti wa sayansi kwamba sheria si yake, fungua mwongozo wa mwaka huo na usome chuo kimoja kimoja.

Imani nyingine imezoeleka zaidi na inaumiza zaidi: kwamba sheria ni kazi ya watu wenye mdomo. "Huyu mtoto anabisha sana, atakuwa mwanasheria." Nimewaona vijana wapole, wasomaji wakubwa, wakikatishwa tamaa na kauli hiyo, na nimewaona wenye maneno mengi wakisukumwa kwenye darasa ambalo hawakulipenda. Kazi ya sheria kwa sehemu kubwa ni kusoma na kuandika. Unasoma hukumu ya kurasa 30 kutafuta sentensi tatu zinazokuhusu. Unaandika hati ya madai ambayo kila aya yake itakuja kupimwa na mtu anayelipwa ili akuonyeshe umekosea. Mashauri mengi hushinda au hufa kwenye karatasi, kabla mtu yeyote hajafungua kinywa mahakamani.

Chuoni mwanafunzi hupitia sheria ya mikataba, jinai, madhara, katiba, ardhi, ushahidi, ndoa na mirathi, utawala, makampuni, na kanuni za mwenendo wa mashauri. Anafundishwa kuuliza sheria imetoka wapi, kwa nini iko hivyo, na mahakama imeitafsiri vipi. Hayo ni maarifa, na ni maarifa ya lazima. Anayetaka kufikia uwakili hawezi kuyaruka.

Elimu hii nchini ina historia fupi kuliko wengi wanavyofikiri. Wakati wa ukoloni, Mwafrika aliyetaka kuwa wakili alilazimika kuvuka bahari kwenda Uingereza, ndiyo maana uhuru ulipokaribia walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Mwanzoni mwa 1961 kamati iliyoongozwa na Lord Denning, jaji wa Uingereza, ilichunguza mafunzo ya wanasheria wa Kiafrika na kuona kwamba mafunzo ya London hayakumwandaa mtu kwa mazingira ya kwao. Oktoba mwaka huo huo, wiki chache kabla ya uhuru, kitivo cha sheria kikafunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na ndicho kilichokuwa kitivo cha kwanza kabisa cha kile kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi wake walitoka Afrika Mashariki yote. Katika darasa lile la kwanza alikuwemo Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria.

Mjane mmoja, mitihani miwili

Sasa tufike pale penye utata wenyewe. Kama chuo kimefundisha sheria yote hiyo, Shule ya Sheria inafundisha nini tena?

Tuchukue kisa cha kubuni, lakini cha aina inayojulikana kila wilaya. Mwanamke amefiwa na mumewe. Waliishi kwenye kiwanja walichonunua pamoja, hakina hati, kina karatasi ya mauziano tu iliyoshuhudiwa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Miezi sita baada ya msiba, shemeji yake anamuuzia mtu mwingine kiwanja kile. Mnunuzi amekuja na matofali.

Mtihani wa chuo kikuu ungeuliza: jadili haki za wahusika. Mwanafunzi mzuri angeandika kwamba mtu hawezi kutoa asichokuwa nacho, hivyo shemeji hakuwa na haki ya kuuza. Angeeleza mali ya ndoa ni nini, mirathi inaendeshwaje, mnunuzi asiyejua kasoro analindwa kiasi gani. Angetaja hukumu mbili tatu. Angepata alama A, na angeistahili.

Sasa mjane huyo huyo yuko ofisini kwako. Analia. Karatasi zake ziko kwenye mfuko wa plastiki, zimechanganyika na kadi ya kliniki na risiti za umeme. Anaanza kusimulia kuanzia siku alipoolewa. Una saa moja.

Swali la kwanza si sheria inasemaje. Swali la kwanza ni je, huyu mama ana uwezo wa kushtaki? Kiwanja ni sehemu ya mali ya marehemu, na mwenye mamlaka ya kuisemea mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mirathi haijafunguliwa. Ukikimbilia kufungua kesi ya ardhi kwa jina lake kama mrithi, upande wa pili utaleta pingamizi la awali, na shauri litaondolewa mahakamani bila hata mtu mmoja kuuliza nani alinunua kiwanja. Kwa hiyo unaanza na mirathi. Mirathi unaifungua wapi? Mahakama ya Mwanzo inahusika pale mirathi inapoongozwa na sheria za mila au za Kiislamu, na marehemu alikuwa akiishi ndani ya eneo lake. Vinginevyo unakwenda kwingine. Lazima umuulize mama, kwa upole, mumewe aliishi maisha ya namna gani.

Ameteuliwa kuwa msimamizi. Sasa ardhi. Tangu marekebisho ya 2021, Baraza la Kata halitoi tena uamuzi wa mgogoro wa ardhi; kazi yake ni kusuluhisha, na limepewa siku 30. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitalisikiliza shauri mpaka Kata ithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana. Thamani ya kiwanja ni shilingi ngapi? Baraza la Wilaya lina ukomo wa shilingi milioni 300 kwa madai ya kurejeshewa mali isiyohamishika. Umiliki umepotea lini? Madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12. Je, kuna chombo cha Serikali kinachotakiwa kuunganishwa kwenye shauri? Kama kipo, taarifa ya siku 90 inatangulia. Na wakati yote haya yanaendelea, matofali yanapanda ukutani, kwa hiyo unahitaji zuio la muda, na zuio linahitaji hati ya kiapo, na hati ya kiapo ina kanuni zake: nini kinaruhusiwa kuandikwa humo, nani aape, mbele ya nani, tarehe na mahali paandikwe wapi.

Ukishindwa kwenye Baraza la Wilaya, una siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Siku ya 46 huyo mama hana rufaa. Ataanza kwanza kuomba ruhusa ya kuchelewa, na atatakiwa kueleza kila siku aliyoichelewa.

Karibu hakuna jambo katika aya hizo tatu linalopingana na kile kilichofundishwa chuoni. Mengi yalitajwa darasani. Lakini kuyajua na kuyapanga kwa mfuatano sahihi, kwa haraka, kwa ajili ya mtu aliyeketi mbele yako ambaye kosa lako litamgharimu nyumba, ni uwezo wa aina nyingine. Ni kama kanuni za barabarani na udereva. Mtu anaweza kuzitaja alama zote za barabarani bila kukosea moja, na bado usikubali akupeleke Morogoro usiku wa mvua. Mtihani wa kuandika ulimpima yeye. Mtihani wa barabarani unamfikiria abiria.

Ndiyo sababu Bunge lilitunga sheria mwaka 2007 ya kuanzisha Shule ya Sheria, ikapokea wanafunzi wake wa kwanza 2008. Kabla yake, wahitimu walikwenda kujifunza kazi kwa vitendo serikalini, kisha wakasailiwa. Mafunzo ya sasa huchukua takriban mwaka mmoja: darasani, kwenye mahakama za mfano, na nje kwenye mahakama na ofisi za mawakili. Hufundishwa namna ya kumhoji mteja, kuandika nyaraka, kuendesha shauri la madai na la jinai, kutunza hesabu za ofisi, na maadili ya kazi. Anayemaliza hupata stashahada ya uzamili ya mafunzo ya sheria kwa vitendo.

Kwa nini wengi wanajikwaa hapo

Nianze na kusoma matokeo yenyewe vizuri. Vichwa vya habari vya 2022 viliwafanya watu waamini kwamba 607 walitupwa nje. Haikuwa hivyo. Wale 342 walikuwa na sapu, na mwenye sapu bado yumo. Anarudia somo alilokwama, akifaulu anaendelea. Waliotoka kabisa walikuwa 265. Hiyo ni namba kubwa mno, inauma, na ilistahili kuchunguzwa. Lakini 265 na 607 ni hadithi mbili tofauti.

Wapo wanaosema shule inafelisha makusudi ili mawakili wasiwe wengi. Naelewa hasira iliyozaa maneno hayo. Ila ukitazama sherehe za kuwakubali mawakili wapya, utaona mamia wakiapa kwa siku moja, tena zaidi ya mara moja kwa mwaka. Mlango uliofungwa kwa makusudi haupitishi umati wa namna hiyo.

Mimi naamini tatizo linaanza mbali. Madarasa ya sheria kwenye vyuo vingi yamejaa kiasi kwamba mhadhiri hawezi kumrudishia kila mwanafunzi karatasi yake ikiwa na masahihisho ya maana. Mwanafunzi anajifunza kuishi kwa madesa: anakusanya maswali ya miaka iliyopita, anakariri majibu, anafaulu. Mbinu hiyo inafanya kazi mpaka siku anapokutana na mtihani unaompa faili la kesi na kumwambia aandike hati. Desa la mjane yule halipo, kwa sababu kila mjane anakuja na mfuko wake wa plastiki.

Halafu kuna lugha. Kijana anafikiri kwa Kiswahili, mteja atamweleza shida kwa Kiswahili, shahidi atahojiwa kwa Kiswahili, lakini vitabu alivyosomea na hukumu nyingi alizozipitia viko kwa Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki. Ni hatua niliyoifurahia kwa moyo wote. Hata hivyo, vitabu havibadiliki kwa siku moja, na kizazi kilichoko darasani sasa kinabeba lugha mbili kwa wakati mmoja: sheria kaisoma kwa moja, watu atawahudumia kwa nyingine. Mwanafunzi anayejizoeza kueleza kanuni ngumu kwa Kiswahili chepesi, kwa bibi yake kijijini, anajifanyia mazoezi bora kuliko anavyojua.

Na shule yenyewe? Haiwezi kukaa pembeni. Taasisi inayoona zaidi ya theluthi moja ya wanafunzi wake wakiondoka kwa mkupuo lazima ijiulize kuhusu ufundishaji wake, idadi ya walimu wake, na jinsi inavyosahihisha. Kumwambia mtu "hukuandaliwa vizuri chuoni" kunaweza kuwa kweli, lakini ulishampokea na ada ukachukua.

Kiapo, daftari, na karatasi ya kila mwaka

Kufaulu Shule ya Sheria bado hakumfanyi mtu kuwa wakili. Wengi hawalijui hili, na baadhi ya wahitimu hujitambulisha mapema.

Aliyefaulu hupeleka ombi kwa Jaji Mkuu akiambatanisha vyeti vyake pamoja na uthibitisho wa tabia njema kutoka kwa watu wanaomfahamu. Baraza la Elimu ya Sheria, chombo kilichoundwa na Sheria ya Mawakili, hujiridhisha kuhusu sifa zake. Swali sasa limebadilika. Chuo kiliuliza: unajua? Shule ya Sheria iliuliza: unaweza? Hapa wanauliza: unaaminika? Wakili atashika fedha za wateja. Atasikia siri ambazo mume hajamwambia mke. Atakula kiapo mbele ya mahakama kwamba hataidanganya. Mwenye akili nyingi asiyeaminika ni hatari zaidi kwa mteja kuliko mjinga, kwa sababu mjinga utamgundua mapema.

Siku ya kuapa, Jaji Mkuu anawakubali, majina yanaingia kwenye daftari, kila mmoja anapata namba. Kuanzia hapo ndipo wenzake watamwita mahakamani "wakili msomi". Kwa kawaida hupata pia nafasi ya kuwa kamishna wa viapo, ndiyo maana tunakwenda ofisini kwao kuapa na kuthibitisha nakala za vyeti.

Bado kuna karatasi moja. Ili afanye kazi, wakili lazima awe na cheti cha uwakili cha mwaka husika. Cheti hicho hukoma 31 Desemba na kinahuishwa kila mwaka. Lazima pia awe mwanachama wa Chama cha Mawakili Tanganyika, TLS, kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1954, na ahudhurie mafunzo endelevu. Akikosa maadili, Kamati ya Mawakili inaweza kumwonya, kumsimamisha, au kulifuta jina lake daftarini. Kwa hiyo uwakili si kitu unachokipata mara moja ukawa nacho milele kama shahada. Shahada hainyang'anywi kwa sababu ulikula fedha za mteja. Uwakili unanyang'anywa.

Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na daftari lake, na utaratibu wake unajitegemea. Niliyoyaeleza hapa ni ya Bara. Kenya na Uganda nako mwenye shahada hupitishwa kwenye mafunzo ya vitendo kabla ya kuapishwa, Kenya kupitia Kenya School of Law na Uganda kupitia Law Development Centre, na kila nchi ina daftari lake.

Aliyeishia kwenye shahada

Kuna familia zinamwona kijana aliyedisko Shule ya Sheria kama mtu aliyepoteza miaka yote. Si kweli. Shahada yake ni nzima. Anaweza kufanya kazi kwenye masuala ya ajira, kodi, bima, ununuzi, uandishi wa habari, taasisi za haki za binadamu, au kurudi chuoni kusoma shahada ya uzamili na kufundisha. Asichoweza ni kumwakilisha mtu mahakamani kwa malipo au kujiita wakili. Ajue pia kwamba matangazo mengi ya ajira serikalini, yakiwemo ya mahakimu wakazi, hudai mtu awe amemaliza mafunzo ya vitendo.

Ujaji uko mbali zaidi. Katiba, ibara ya 109, inamtaka anayeteuliwa kuwa Jaji wa Mahakama Kuu awe na shahada ya sheria na awe amekaa kwenye kazi za sheria kwa muda usiopungua miaka 10.

Kwa mzazi anayepanga bajeti, hesabu ya kawaida ni hii: miaka mitatu au minne ya chuo, mwaka mmoja hivi wa Shule ya Sheria kama hakuna sapu, na miezi kadhaa ya kusubiri kuapa. Weka fungu la Shule ya Sheria tangu mwanzo. Nimeona familia zikimaliza akiba yote kwenye shahada, zikafanya sherehe kubwa ya mahafali, kisha kijana akakaa nyumbani miaka miwili kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kuna ada nyingine mbele.

Turudi kwa mjane wetu. Ana haki ya kujisimamia mwenyewe mahakamani. Hakuna sheria inayomlazimisha kuajiri wakili. Akiamua kutafuta, jirani atamwambia, "nenda kwa yule kijana, kasoma sheria." Huenda kijana huyo ni mzuri, na ushauri wake wa awali ukamsaidia kujua aanzie wapi. Lakini kabla hajamkabidhi ule mfuko wa plastiki, amuulize jina lake kamili na namba yake ya uwakili, kisha mtoto au mjukuu mwenye simu aingie kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama na kulitafuta jina hilo. Jina likiwepo, aangalie kama cheti cha mwaka huu kiko hai. Muhuri peke yake usimtoshe, kwani mihuri huchongwa mtaani. Na akishalipa, adai risiti na abaki na nakala ya kila karatasi aliyoitoa, hasa ile ya mauziano yenye saini ya mwenyekiti wa mtaa.